Lualaba: Rezo inapokufa Fungurume, nani anakumbuka waya umepita wapi?

Nilikuwa Fungurume, kwenye barabara ya Likasi na Kolwezi, siku simu zangu mbili zilipokufa kwa dakika moja. Kama wakaaji wengi wa jimbo la Lualaba, natembea na kadi za kampuni mbili tofauti, ili moja ikikataa nyingine iitike. Jioni ile zote mbili zilinyamaza pamoja. Kwenye kabini ya pesa kando ya barabara alikuwepo baba mmoja aliyetaka kutuma pesa Kolwezi, ambako mke wake alikuwa amelazwa na dawa zilikuwa zinangojea malipo. Pesa alikuwa nazo mkononi. Mama wa kabini alikuwa na salio la kutosha. Kilichokosekana ni rezo. Walingojea mpaka giza likaingia, kisha yule baba akaenda kutafuta gari la kumpeleka mwenyewe.

Tangu siku ile swali limenikaa kichwani. Kampuni mbili zinazopigania wateja kila siku, kila moja na rangi yake na matangazo yake ukutani, zinawezaje kufa dakika ile ile? Na kwa nini jambo hilo linarudi, mwaka hadi mwaka, katika jimbo ambalo shaba na kobalti yake imo ndani ya simu za dunia nzima?

Nimefuatilia jibu kwa muda. Linapatikana katika kazi moja ya ofisini ambayo hakuna tangazo linaloionyesha.

Watu wakisikia neno kampuni ya simu wanafikiria antena. Lakini kila antena, kila betri na kila kifaa cha redio kilicho chini yake kinatuma ripoti usiku na mchana kwenye mashine za kampuni. Programu zinazopokea ripoti hizo mafundi huziita kwa herufi tatu, OSS. Kwa Kiswahili tuseme mifumo ya kusaidia uendeshaji wa mtandao. Si ile inayohesabu unite zako au kukukata mega. Hiyo ni mifumo ya biashara. OSS inapokea alamu kifaa kikiharibika, inafungua tiketi ya kazi ili fundi atumwe, inatunza daftari la vifaa vyote na mahali vilipo, inapima msongamano wa simu na intaneti, na inaruhusu mafundi kubadilisha mipangilio ya kituo bila kufika pale.

Tuchukue kituo kimoja cha kawaida. SNEL ikikata umeme, alamu ya kwanza inafika: umeme wa mji haupo. Betri zinachukua kazi. Jenereta inatakiwa kuwaka; isipowaka, alamu ya pili. Nguvu ya betri inaanza kushuka, alamu ya tatu. Vifaa vingi vya simu hutumia umeme wa volti 48, na nguvu ikishuka chini ya kiwango kilichowekwa, kituo kinajizima chenyewe ili betri zisiharibike kabisa. Ni hapo mtu wa Fungurume anaona mistari ya rezo imetoweka kwenye simu yake. Maana yake kabla wewe hujakosa rezo, mashine ilikwisha kusema mara tatu. Inabaki kujua nani alisikia.

Waya wa fibri ukikatika, hali ni tofauti. Fibri ni ule waya unaopitisha maneno yetu kwa mwanga ndani ya kioo chembamba, na kati ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi ndiyo mgongo wa mawasiliano. Ukikatwa mahali pamoja tu, vituo vyote vilivyo nyuma ya mkato vinalia kwa wakati mmoja. Mfumo uliotunzwa unajua kituo kipi kinategemea kipi. Unaweka kando mamia ya alamu na kuacha moja inayosema kweli, kwamba waya umekatika kati ya sehemu hii na ile. Mfumo ulioachwa hauna habari hizo. Unaonyesha zote, na mtu wa zamu ya usiku anabaki anaangalia skrini nyekundu kutoka juu mpaka chini, bila kujua amtume nani wapi.

Mara nyingi mtu huyo hayuko Kolwezi. Nchi yetu ina saa mbili: Lualaba na majimbo mengine ya mashariki yako mbele ya Kinshasa kwa saa moja. Inapogonga 21:00 Kolwezi, Kinshasa ni 20:00. Jambo dogo, na kila mtu aliyewahi kupokea simu ya asubuhi mapema kutoka Kinshasa au kuipiga analijua. Lakini katika kitabu cha tiketi, ambamo mteja anasema saa moja, mlinzi wa antena anaandika nyingine na mashine inaweka ya kwake, jambo dogo linaweza kumfanya fundi atafute tatizo kwenye saa ambayo halikuwepo.

Waya mbili, shimo moja

Nirudi kwenye zile simu zangu mbili. Zamani kampuni ya simu ilijenga mnara wake, ikaweka vifaa vyake, ikanunua mazutu yake. Leo mnara unaweza kuwa wa mtu wa tatu. Helios Towers iliingia RDC kwa kununua minara iliyokuwa ya Millicom, kampuni mama ya Tigo, na mwaka 2016 ikanunua mingine zaidi ya 900 ya Airtel. Kampuni za simu sasa ni wapangaji. Mnara mmoja unaweza kubeba wawili au watatu, na wote wanatumia jenereta moja na betri zile zile.

Kwa hesabu za pesa ni mpango mzuri. Bila huo vijiji vingi visingekuwa na antena hata moja, maana kujenga minara mitatu pahali ambapo mmoja unatosha ni kutupa dola. Lakini ukitembea na kadi mbili ukidhani umejikinga, jua kwamba huenda umenunua tiketi mbili za gari moja. Na ripoti za betri na mazutu zinaingia kwanza kwa mwenye mnara, huku za redio zikiingia kwa mpangaji. Mifumo hiyo miwili isipozungumza, mpangaji anaona kituo kimezimika bila kujua kwa nini, naye mwenye mnara anaona mazutu yamekwisha bila kujua ni wateja wangapi waliokatwa. Barua zinaanza kwenda na kurudi. Yule baba wa Fungurume hayumo ndani ya barua hizo.

Na fibri ni hivyo hivyo. Kampuni inaweza kukodi njia mbili kwa wauzaji wawili, ikaandika kwenye karatasi kwamba sasa iko salama kwa kuwa moja ikikatika nyingine itabeba. Halafu trakta ya barabara inachimba mtaro, na zote mbili zinakatika, kwa sababu zilikuwa zimelala katika ukingo ule ule wa barabara, mita chache moja na nyingine. Kwenye mkataba zilikuwa njia mbili. Kwenye udongo ilikuwa moja. Kuna namna moja tu ya kugundua hilo kabla ya trakta: daftari linaloonyesha waya umepita wapi hasa, kwa kina gani, upande gani wa barabara, na mtu anayelisoma kabla ya kutia sahihi.

Daftari hilo ndilo sehemu inayodharauliwa kuliko zote. Alamu zinapiga kelele, tiketi zina tarehe ya kufungwa, wakubwa wanaziulizia. Daftari halilii. Usiku mmoja jenereta ya kituo A inakufa, fundi anachukua ya kituo B ambacho siku hizo kina umeme wa SNEL, anaokoa hali, anasifiwa. Hakuna aliyeandika. Miaka mitatu baadaye fundi mwingine anaendesha gari saa nne kwenye matope ya Januari kuelekea Mutshatsha na kifaa cha jenereta ambayo haiko pale tena.

Historia ya kampuni zenyewe haikusaidia. Simu ya mkononi ilianza kwetu mapema kuliko sehemu kubwa ya Afrika: Telecel ya Miko Rwayitare ilifungua kazi Kinshasa katikati ya miaka ya 1980, wakati simu moja ilikuwa mali ya mawaziri na matajiri. Celtel ilifika mwaka 2000, ikawa Zain, kisha Airtel mwaka 2010. Vodacom ilianza 2002. Congo Chine Télécoms ilinunuliwa na Orange mwaka 2011, na 2016 Orange hiyo hiyo ikanunua Tigo. Mteja alichoona ni rangi kubadilika kwenye miavuli ya wauza kredi. Lakini nyuma ya kila rangi mpya kuna madaftari mawili yanayotakiwa kuwa moja, kituo kimoja chenye majina mawili, na vifaa vya watengenezaji tofauti ambavyo kila kimoja kinalia kwa lugha yake. Kazi ya kupatanisha hayo ni ya miaka. Wanaonunua kampuni hupenda kuihesabu kwa miezi.

Mji usiotulia

Kwingineko daftari likikosewa linaweza kubaki karibu na ukweli, kwa kuwa mji haubadiliki haraka. Kolwezi ni jambo jingine. Mwaka 2014 kobalti ilipatikana chini ya nyumba za mtaa wa Kasulo, na wakaaji wakaanza kuchimba uani, wengine hata ndani ya vyumba. Baadaye sehemu ya mtaa ilizungushiwa ukuta na familia zikaondolewa. Upande wa Cité Gécamines, karibu na mgodi wa Commus, nyumba zimebomolewa kadiri mgodi unavyopanuka, jambo ambalo Amnesty International ililieleza katika ripoti yake ya 2023. Kamoa-Kakula, magharibi mwa mji, ilianza kutoa shaba Mei 2021, na watu wakafuata kazi huko.

Kila hatua ya namna hiyo inagusa mtandao. Antena iliyopangwa kuhudumia mtaa uliojaa watu inabaki ikipigia mashimo, na ile ya mtaa mpya inalemewa kila jioni. Waya uliozikwa kwenye avenue tulivu unajikuta juu ya handaki la mchimbaji. Mpangaji wa mtandao anayetegemea ramani ya miaka mitano iliyopita anapanga mji ambao haupo.

Hapa ndipo vipimo vya msongamano vinahitajika, na hapa ndipo nilipopata jambo lililonishangaza zaidi. Elimu ya kupima msongamano ni ya zamani sana. Agner Krarup Erlang, mtaalamu wa hesabu aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, aliandika juu yake mwaka 1909, na jina lake bado ndilo kipimo cha simu ngapi zinaweza kupita pamoja. Vituo vya leo vinahesabu kila dakika kumi na tano au kila saa: simu zilizopita, zilizokataliwa, zilizokatika njiani. Lakini hesabu hizo ni nyingi mno, kwa hiyo mifumo mingi huzihifadhi kwa ukamilifu wiki chache au miezi michache, kisha inazifupisha au kuzifuta ili kupata nafasi. Kama hakuna aliyeamua mapema kuzitunza, kampuni inajua vizuri sana kilichotokea Jumanne iliyopita na haijui kitu juu ya mwaka juzi.

Sasa, kuongeza antena Kolwezi si kazi ya wiki moja. Vifaa vinaagizwa ng'ambo, vinapita Kasumbalesa na foleni zake za malori, vinahitaji ruhusa ya uwanja, nondo, simenti. Anayesubiri wateja walalamike ndipo aagize atakuwa amechelewa kwa karibu mwaka. Anayeangalia mstari wa miaka mitatu anaona mtaa unajaa kabla haujajaa. Tofauti kati ya hao wawili inaweza kuwa diski chache za kuhifadhia hesabu, ambazo bei yake haifiki hata bei ya jeep ya mkurugenzi. Hilo la jeep ni maneno yangu.

Umeme unapita juu

Waya mkubwa wa umeme kutoka Inga hadi Kolwezi, kilomita karibu 1,700, ulimalizika mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili kuleta nguvu kwa migodi. Ukisafiri chini yake unapita vijiji vingi ambavyo havijawahi kuwasha taa kwa umeme huo. Ni sura ya jimbo letu lote: nguvu inapita juu ya vichwa kwenda mgodini, na migodi yenyewe bado inalalamika haitoshi na kununua mwingine Zambia. Antena ya kijijini inasimama katikati ya hali hiyo kwa mazutu, betri na, siku hizi, sahani za jua.

Betri ni mahali pazuri pa kuona fikra ya muda mrefu inavyofanya kazi. Betri za risasi zimetengenezwa kwa joto la nyuzi 20 hadi 25. Kanuni ya mafundi inasema kila nyuzi 10 zikiongezeka, maisha ya betri yanapungua karibu nusu. Kolwezi iko juu, mita zaidi ya 1,400, na hali yake ya hewa si kali, lakini ndani ya sanduku la chuma lililofungwa, Septemba na Oktoba kabla ya mvua, joto ni jingine. Mfumo una habari zote: joto la sanduku, mara ngapi umeme ulikatika, betri zilishikilia saa ngapi. Kituo kilichobebwa saa sita mwaka jana na kubebwa saa mbili mwaka huu kinasema waziwazi kitakufa lini. Mwenye kusoma anaweka betri kwenye bajeti. Asiyesoma anazinunua kwa haraka na kwa bei ya haraka, baada ya kituo kuzimika mara kumi.

Kampuni nyingi duniani sasa zinahamia betri za lithiamu, zinazovumilia zaidi. Msomaji wa Kolwezi atapenda kujua kwamba aina inayowekwa sana kwenye antena ni ile ya chuma na fosfati, isiyo na kobalti hata gramu moja. Kobalti yetu iko kwenye simu iliyo mkononi mwako. Kwenye antena inayoipa rezo, haiko.

Na kuna wezi. Mazutu yanafyonzwa, betri zinaondoka usiku, waya wa shaba unakatwa. Kipimo cha mazutu kilichounganishwa na mfumo kinatofautisha wizi na matumizi, kwa sababu jenereta hainywi lita hamsini kwa dakika kumi. Lakini kipimo kikiharibika na kuachwa miezi sita bila kutengenezwa, mlinzi na mwizi wanabaki wanajuana wao wenyewe.

Hata hivyo, mwizi mkubwa wa mitandao ya Lualaba, kwa maoni yangu, ni mshahara. Kijana anatoka Chuo Kikuu cha Kolwezi au Lubumbashi, anafundishwa miaka miwili kwenye kampuni ya simu, anaanza kuelewa alamu zipi ni za kweli na zipi ni kelele. Ndipo mgodi unamwita. Mgodi nao una redio zake, fibri zake na mashine zake za kuangalia, na unalipa zaidi. Simlaumu, nina ndugu waliofanya hivyo. Lakini akienda, anaondoka na kila kitu ambacho hakuandika: ile programu ndogo aliyoitunga ya kuunganisha ripoti mbili, sababu ya kituo fulani kuwekewa mpangilio wa pekee, namba ya mlinzi anayejua njia ya mvua. Anayemfuata anakuta kitabu cha maelekezo kwa Kiingereza au Kichina, na mfumo anaoogopa kuugusa. Kwa hiyo hauguswi. Baada ya miaka michache kampuni inasema umezeeka, inanunua mpya, na hadithi inaanza upya na daftari lile lile lenye makosa, limehamishwa kama lilivyo.

Nani anaulizia?

Serikali ina sheria mpya ya mawasiliano, namba 20/017 ya tarehe 25 Novemba 2020, iliyochukua nafasi ya ile ya 2002. ARPTC ndiyo inayosimamia kampuni na ubora wa huduma, na sheria hiyo imeweka mfuko wa kupeleka huduma pahali ambapo biashara peke yake haiwezi kwenda. Kwenye karatasi tuko sawa.

Lakini wakaaji wanakumbuka zaidi RAM, lile daftari la simu za mkononi lililoanza 2020 na kukata unite zao, mpaka kelele zikawa nyingi na likafutwa 2022. Ninalitaja kwa sababu moja. Lilikuwa daftari la vifaa vya wateja, na wateja walilipishwa. Daftari la vifaa vya mtandao wenyewe, linaloonyesha kama njia mbili za fibri ni mbili kweli, sijawahi kusikia mbunge yeyote analiulizia.

Yanayohusika si mazungumzo ya wapenzi tu. Tarehe 27 Juni 2019 udongo uliporomoka ndani ya eneo la Kamoto Copper Company na kuua wachimbaji wa mikono wasiopungua 43. Machi 2022 treni ya mizigo iliyobeba watu ilianguka karibu na Buyofwe, wilaya ya Lubudi, watu wasiopungua 75 wakafa. Sisemi rezo ndiyo iliyokosekana siku hizo. Nasema kitu cha kwanza ambacho kila mtu aliye hai anatafuta mfukoni saa kama ile ni simu.

Kuna njia nyingine ya kukatika ambayo inatoka mbali zaidi. Agosti 2023 udongo uliteleza chini ya bahari katika bonde refu lililo mbele ya mdomo wa mto Kongo, ukakata nyaya za WACS na SAT-3. WACS ndiyo iliyofika Muanda na kufunguliwa kwetu mwaka 2013. Mei 2024 zikakatika EASSy na Seacom upande wa bahari ya Hindi, na Tanzania ikateseka. Lualaba iko kati ya bahari hizo mbili, mbali na zote. Ukitazama ramani hilo linaweza kuwa bahati: mtandao wenye njia ya kwenda Muanda na nyingine ya kupitia Zambia unaweza kugeuka upande mmoja ukifa. Na njia ya tatu inapita mlangoni: reli ya Lobito, inayoingia kwetu Dilolo na kufika Kolwezi, ambayo upande wa Angola imekodishwa kwa miaka 30. Pwani ya Angola ina waya unaokwenda moja kwa moja hadi Brazil tangu 2018. Wanaohesabu tani za shaba zitakazopita kwenye reli hiyo ni wengi. Ningependa kusikia mtu mmoja anayehesabu fibri itakayolala kando yake.

Wakati huo huo mambo yanaongezeka. Mei 2025 Starlink ilipata ruhusa ya kufanya kazi nchini, mwaka mmoja na zaidi baada ya kukatazwa. Mwezi ule ule Vodacom na Orange walitangaza ushirika wa kujenga hadi vituo 2,000 vya nguvu ya jua vijijini katika miaka sita. Ni habari njema kwa Kapanga, Sandoa na vijiji ambavyo mtu anapanda kichuguu kutafuta mstari mmoja wa rezo. Lakini vituo 2,000 vya jua ni sahani ambazo vumbi la kiangazi litazifunika, na hakuna kampuni yenye mafundi wa kutosha kuvitembelea kila mwezi kwa barabara zetu. Vitaishi au kufa kwa ripoti vinazotuma, na kwa mtu anayezisoma mwaka wa tano, baada ya wenye kukata utepe kurudi nyumbani.

Kesho yake baada ya siku ile ya Fungurume nilipiga namba ya huduma ya kampuni mojawapo, ambayo sitaitaja, kwa sababu nilitaka kuona tiketi inafunguliwaje. Kijana aliyenijibu alikuwa na adabu. Aliniuliza tatizo lilianza saa ngapi. Nikamwambia 17:20, hadi karibu 19:30. Akatafuta kwenye mashine yake, akaniambia kwamba baada ya saa 18:30 mfumo hauonyeshi tatizo lolote, na kwamba labda ni simu yangu. Nilikaa kimya kidogo, kisha nikamwuliza yeye yuko mji gani. Alikuwa Kinshasa. Nikamwomba atazame tena, arudi nyuma saa moja.

Akatazama. Ndiyo, akasema, inaonekana, vituo vyote vya njia ile vilikuwa chini. Akanipa namba ya tiketi, nikaiandika. Wiki mbili baadaye meseji ikaingia: tiketi imefungwa, asante kwa uaminifu wako. Sababu ya mkato haikuandikwa.